Mamuzeli wa Ndani ya Kaseti

— Alphonsine! Acha hiyo sombe, kuya! Kaseti ya Kumbikumbi imefika!

Rafiki yangu Régine alikuwa amesimama kwenye ua wetu, hapa Saio, mtaa wa Bunia, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

— Ya kweli?

— Nikudanganye nipate nini? Jean-Pierre anaipiga ku soko. Batu banajaa kule kama Noeli!

Mchi nikauacha umesimama ndani ya kinu, juu ya majani ya mihogo. Mama akapiga kelele nyuma yangu, nami nilikuwa nimeshavuka barabara.

Ilikuwa mwaka wa themanini na nne. Kwenye karatasi za serikali tulikuwa na majina ya mababu peke yake, yale ya ubatizo yalikatazwa, lakini nani alikuwa anaita mtu kwa karatasi? Mimi nilikuwa Alphonsine, na mchumba wangu alikuwa Hubert, kijana wa Mahagi kule ziwani, mwimbaji wa Orkestra Kumbikumbi. Waliitwa hivyo kwa sababu siku ya kwanza walipopiga muziki mvua ilikuwa imekatika tu, na kumbikumbi walikuwa wanaruka mpaka ndani ya tarumbeta.

Miezi mitano walikuwa Nairobi kurekodi. Walikwenda kwa nguvu zao wenyewe, bila tajiri, bila mkubwa wa kuwasukuma, juu ya magunia ya kawa, ndiyo kahawa, ndani ya kamyo la mizigo. Miezi mitano mimi nilikuwa nangoja. Na mbuzi sita za Hubert zilikuwa zimeshafika kwetu. Tegua hii, wewe msomaji: sita wamembeba mmoja, na hawachoki. Ndiyo mahari.

Kwenye kibanda cha Jean-Pierre nilisikia kwanza magitaa. Ee Mungu wangu! Kumbikumbi niliyoijua ilikuwa na tarumbeta mbili na mwendo wa pole, muziki wa watu waliokula wakashiba. Sasa tarumbeta hakuna. Magitaa yalikuwa yanakimbia juu, membamba, makali, kama mvua ya mawe juu ya mabati. Watoto walikuwa wanaruka. Hata mama muuza makayabo alikuwa anatikisa mabega na samaki mikononi.

— Nairobi imewabadilisha!

— Hii ndiyo muziki! Ile ya zamani ilikuwa ya mazishi!

Halafu sauti ikaingia, nami nikasimama.

Ilikuwa sauti ya mwanamke.

— Jean-Pierre, huyu mamuzeli ni nani? mtu akauliza.

Kwetu mamuzeli ni binti ambaye hajaolewa. Jean-Pierre akainua mabega. Alikuwa kijana mzuri, kichana kimechomekwa katika nywele, na ndiye aliyekuwa anakopi kaseti za Bunia nzima.

— Kaseti haina jina juu yake. Ni ya Katsuva, mwenye kununua kawa. Ameitoa Nairobi, ameniachia nikopi mara moja tu, na ameenda nayo Isiro.

— Na Hubert iko wapi?

— Pengine anapiga makofi kule nyuma!

Watu wakacheka. Halafu wakaniona, na kicheko kikaanza kukatika kimojakimoja. Hapo ndipo yule mwanamke akaimba maneno haya, tena mara mbili:

*Ukichelewa, nitazoea.*

Régine akanishika mkono.

— Alphonsine, una nini?

Maneno yale yalikuwa yangu. Siku kamyo inaondoka, Hubert aliniuliza kutoka juu ya magunia: "Na nikichelewa?" Nikamjibu kwa mchezo, ili nisilie mbele ya dada zake: "Ukichelewa, nitazoea." Injini ilikuwa inanguruma, hakuna mtu mwingine aliyesikia. Ni yeye, mimi, na moshi wa kamyo.

Kwa hiyo alimpa mwanamke mwingine maneno yangu aimbe.

Jioni Tante Emérance alifika kutoka Iga Barrière, na habari ilikuwa imeshamfikia njiani. Yeye ni dada mkubwa wa baba. Kwetu shangazi ndiye anayepokea kamba za mbuzi, na shangazi ndiye peke yake anayeweza kuzirudisha. Aliketi, akavua kitambaa cha kichwa, akakunja mikono.

— Tegua: nimefunga mulango, nimefunga dirisha, mugeni ameingia na hana miguu.

— Sijue, tante.

— Sauti. Huyo mwanamuke wa Nairobi ameshaingia mu nyumba yako, na weye haujaolewa bado.

— Tante, labda anamusaidia tu kuimba.

— Kumusaidia? Mu nyimbo sita zote? Na Hubert anaimba wimbo gani?

Hakuwa anaimba hata mmoja.

Baba yangu, Baba Grégoire, fundi wa kushona, alikuwa anasukuma cherehani chake polepole.

— Dada, tungoje mutoto ya watu arudi. Tumuulize.

— Weye Grégoire unangojaka mpaka mvua inaisha ndiyo unaingiza nguo!

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu siku zile. Nilinunua kaseti ile. Ndiyo! Nilitaka kujua yule mwanamke ana nini. Kila nilipokuwa peke yangu niliiweka ndani ya radio ya baba na nikaimba pamoja naye, mimi mwanakwaya wa parokia, nikitafuta kosa lake. Wiki tatu. Nilijua anapopanda, anaposhuka, anapokata pumzi. Alikuwa na tabia moja: katikati ya neno "nitazoea" alivuta hewa kidogo, *nita—zoea*, kama mtu aliyekumbuka kitu. Nilimchukia kwa sababu hiyo. Ilikuwa nzuri sana.

Mwisho wa wiki ya tatu ujumbe ukaja: Kumbikumbi wamefika Butembo, Hubert anataka kusema nami kwa phonie ya wanunuzi wa kawa, alhamisi saa nne asubuhi.

Ninyi wenye simu mfukoni hamjui phonie. Ni radio kubwa ya kuongea mbali. Unasema, unamaliza kwa "à vous", halafu mwenzako ndiye anasema; "terminé" ni kufunga kabisa. Na kila mwenye phonie kama ile, kutoka Butembo mpaka Isiro, anasikia. Mapenzi yenu mnayatandika juani kama mihogo.

— Bunia, Bunia, hapa Butembo. Alphonsine wangu, uko muzima? À vous.

Sauti ilikuwa inakwaruza kama bati, lakini ilikuwa yake. Moyo ukaruka. Nikaushika.

— Niko muzima. Hubert, huyo mwanamuke ni nani? À vous.

Radio ikakwaruza, halafu:

— Mwanamuke gani? À vous.

— Mwanamuke anayeimba mu kaseti. À vous.

— Alphonsine, mu kaseti hakuna mwanamuke. Niliimba peke yangu. Zote sita. À vous.

Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya watu wenye shida zao. Mzee mmoja akanong'ona: "Aisee, anakataa!"

— Hubert, Bunia nzima inamusikia. Hata batoto banamwita Mamuzeli. Na umemupa maneno yangu. Maneno ya siku ya kamyo! À vous.

— Maneno ni yako, ndiyo, niliyaimba mi mwenyewe juu yako! Nani amekuambia mambo ya...

— Samahani, hapa Isiro, sauti ya mtu mwingine ikaingia. Ndugu, mwambie mutoto ya watu ukweli, tunangoja bei ya kawa. À vous.

— Isiro, toka! Hayakuhusu! À vous!

— Hapa Komanda. Mama, usilie. À vous.

Nilikuwa silii. Nilikuwa nimeshika kile kidude cha kusemea kama ninamnyonga kuku.

— Hubert, kama ungeniambia "ndiyo, kuko mwanamuke, ni wa kazi tu", ningekusikia. Lakini unanikatalia kitu ambacho masikio ya muji mzima inashika. Terminé.

— Alphonsine! Alph...

Mwenye phonie akazima. Watu wa foleni wakanipisha kama napita na maiti.

Tante alipopata habari hakupiga hata meza.

— Lundi, jumatatu hii, kamyo ya Mahagi inapita Iga. Mbuzi zitapanda.

— Zote, tante?

— Zote sita, na mutoto moja aliyezaliwa kwetu. Hatutaki deni ya batu. Na unajue: mbuzi ya mahari ikishapanda gari kurudi, haishukake tena. Hata wakikuya kulia hapa kwa magoti.

Hivyo ndivyo mambo yalivyosimama. Ijumaa, saa tisa mchana, Hubert akaingia uani kwetu, mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele mpaka viatu. Nyuma yake alikuwa Philippe, mpiga gitaa, na gitaa lake mgongoni. Tante, aliyebaki kwetu kungoja siku ya mbuzi, alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua macho.

— Shikamoo mama.

— Chunga, utakanyaga maharagwe.

— Nimekuja kumusikia huyo mwanamuke, Hubert akasema. Kutoka barrière ya kuingia mujini mpaka hapa batu kumi wameniuliza: "Mamuzeli umemuacha wapi?" Iko wapi hiyo kaseti?

Nikaingia ndani nikatoa radio, nikaiweka juu ya meza ya cherehani. Nikabonyeza. Magitaa yakaanza kukimbia. Halafu yeye.

Nilikuwa namtazama Hubert usoni. Nilingoja aangalie chini, kama wanaume wanavyoangalia chini. Lakini alifungua mdomo, akasogea karibu na radio, akainamisha kichwa.

— Huyu ni nani? akauliza.

— Unaniuliza miye?

— Alphonsine, nakuapia, simujue!

— Simujue! Tante akacheka kwa kukauka. Ameishi naye miezi mitano, leo hamujue!

Philippe naye alikuwa amekunja uso, vidole vinacheza hewani.

— Hii gitaa ni yangu, akasema. Hapana. Si yangu. Mi nilipiga huku chini, hii iko juu. Na nani anaweza kupiga mbio hivi? Mi siwezi! Ni nani huyu ananishinda kwa nyimbo yangu?

— Mulienda wote, mumerudi wote, na hakuna anayejua kitu, Tante akasema. Muko kama kuku.

Nilitaka kuzima. Mkono wangu ulikuwa njiani. Lakini ninyi mnajua, wiki tatu nilikuwa nimeipiga kaseti ile asubuhi na mchana, na mawe ya radio, zile pili, yaani betri, zinazoingia mgongoni mwa mashine, yalikuwa yamechoka kabisa. Taa ndogo nyekundu ikafifia.

Na yule mwanamke akaanza kushuka.

Kwanza kidogo tu, kama mtu anayeshuka ngazi na mtungi kichwani. Magitaa yakapunguza mbio. Sauti ikawa nzito, ikawa ya mtu mzima, ikaacha kuwa ya mwanamke. *Ukichelewa, nita—zoea.* Alikuwa Hubert. Hubert kabisa, hapo juu ya meza ya cherehani, na Hubert mwingine amesimama pembeni amejishika kichwa.

— Ni miye, akasema polepole. Alphonsine, ni miye!

Halafu akaendelea kushuka, akawa mlevi, akawa ng'ombe, na radio ikanyamaza.

Baba alikuwa ameacha cherehani. Philippe akaanza kucheka peke yake, akaketi chini, akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye vumbi la uso.

— Jean-Pierre! akasema. Amekopi na pili za kufa!

Tukakimbia sokoni sote watatu. Jean-Pierre alipotuona akataka kufunga kibanda. Hubert akaweka mguu mlangoni.

— Ulikopi namna gani?

— Kama siku zote. Radio mbili zinatazamana. Moja inaimba, moja inaandika, miye nafunga mulango naenda nje, makelele isiingie.

— Na ile ya kuandika ilikuwa na mawe gani?

Jean-Pierre akaangalia juu ya bati la kibanda chake. Nasi tukaangalia. Kulikuwa na pili nane zimepangwa juani kama mayai, zinaota jua ili zipate nguvu kidogo. Sote tulikuwa tunafanya hivyo. Nani alikuwa na uwezo wa mawe mapya kila wiki?

— Iliandika polepole, Philippe akanieleza. Sasa ukiipiga mu radio nzima, inakimbia. Na ikikimbia, sauti inapanda.

Nikamtazama Jean-Pierre.

— Ulijua lini?

— Alphonsine...

— Lini?

— Siku ya tatu. Niliona kaseti inaisha mbio kuliko ile ya Katsuva siku nilipokopi. Lakini batu walikuwa wanafurahi! Walikuwa wananiomba Mamuzeli, Mamuzeli. Ningewaambia nini? Kwamba Mamuzeli ni mwanaume na pili mbovu?

— Na uliposikia mbuzi zangu zinarudi?

Akatoa kichana kichwani, akakirudisha.

— Nilifikiri ni maneno tu ya wanawake.

Hubert alimshika shati. Nikamwambia amwache, kwa sababu mtu aliyepigwa hawezi kusema vizuri, na nilimtaka aseme. Tukamleta mpaka nyumbani. Akasimama mbele ya Tante, akaungama yote kama mbele ya padri.

Tante alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

— Weye ulinyamaza wiki tatu. Leo unasema. Nitajuaje kama ni ukweli, ama ni bia ya Hubert?

— Tante, siye wote tumesikia radio! nikasema.

— Mumesikia mashine inakufa. Hata miye, mukinichelewesha, nitakuwa mwanaume! Hata huyo mwanamuke wa Nairobi, kama yuko, mukimuwekea mawe ya kufa, naye atashuka mpaka afanane na Hubert. Hapana?

Alikuwa na haki. Hakusoma hata darasa moja, lakini ungemfunga kamba gani? Kaseti ya kwanza ilikuwa Isiro na Katsuva, na diski, yaani santuri zenyewe, zilikuwa bado zinatengenezwa Nairobi. Na mimi mwenyewe, niseme ukweli, lile neno la Tante likaingia ndani yangu likaketi.

— Dimanche munapiga muziki, Tante akamwambia Hubert. Nitakuya. Nitasikiliza kwa masikio yangu. Kama batu ya Bunia wanasema "ndiyo, huu ndio wimbo", mbuzi zinabaki. Kama hapana, lundi kamyo.

— Mama, nakubali, Hubert akasema.

Jumapili baada ya misa ya pili, ukumbi wa parokia ulijaa mpaka watu wakapanda madirishani. Tante aliketi mstari wa kwanza na mkoba juu ya magoti. Mimi nilisimama ubavuni, karibu na jukwaa, na Régine ananishika kiuno kama ninaanguka.

Kumbikumbi wakaanza ule wimbo wenyewe, kama walivyourekodi. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa wa pole, mzito, gitaa la Philippe linatembea kama mtu anayerudi nyumbani na hana haraka. Hubert akafungua mdomo.

— Hapana! mtu akapiga kelele.

— Mamuzeli iko wapi?

— Hii si ile! Tunataka ya kaseti!

— Ma-mu-ze-li! Ma-mu-ze-li!

Miguu ikaanza kupiga sakafu. Chungwa lililoliwa nusu likapita karibu na ngoma. Mpiga ngoma akainama kwa Hubert, nami nilikuwa karibu, nilisikia:

— Waambie iko mugonjwa! Waambie atakuya wiki ingine! Watatuua!

Hubert akashika kipaza sauti. Jasho lilikuwa linamtiririka.

— Ndugu zangu. Hakuna Mamuzeli. Hakuwako hata siku moja. Ile sauti ni yangu, pili za kukopi ndizo zilikuwa mbovu.

Wakamzomea! Mzomeo ule sijausikia tena maishani. "Mwongo!" "Umemficha!" "Muongo wa Nairobi!" Yeye akafumba macho, akaendelea kuimba ndani ya kelele zile, sauti inatetemeka. Akafika kwenye maneno yangu.

*Ukichelewa, nita—*

Akavuta hewa.

*—zoea.*

Palepale. Katikati ya neno. Wiki tatu nilikuwa nimeimba juu ya pumzi ile, nilijua urefu wake kama ninavyojua kizingiti cha nyumba yetu. Mashine inaweza kubadilisha sauti ya mtu. Mahali anapokumbuka kitu, haiwezi. Sikuhitaji tena Katsuva wala diski.

Nikamwachia Régine kitambaa changu, nikapanda jukwaani.

— Alphonsine, unafanya nini? Hubert akauliza.

— Philippe, panda.

— Nipande wapi?

— Huko juu. Kama mu kaseti.

— Na mbio zile? Vidole vyangu...

— Uliniambia kuna mutu anakushinda. Mushinde.

Philippe akanitazama, akacheka. Akatoa penseli mfukoni na ukanda wa mpira wa baiskeli, akafunga penseli ile juu ya shingo ya gitaa, akabana nyuzi zote. Akagusa. Ting! Ilikuwa ile. Ukumbi ukasikia, miguu ikaacha kupiga.

— Weye imba chini, nikamwambia Hubert. Mi nitakuwa juu.

— Unaijua?

— Nimeichukia wiki tatu. Naijua yote.

Nikaimba. Mimi mwanakwaya, na soksi nyeupe za misa bado miguuni! Niliimba kama kaseti, mwendo uleule, mahali palepale, na Hubert chini yangu na sauti yake ya kweli, kama sakafu chini ya miguu ya mchezaji. Hata kwenye kaseti haikuwa nzuri hivyo, kwa sababu kwenye kaseti alikuwa mmoja.

Ukumbi ukapasuka kwa shangwe!

— Ndiye huyu! Mamuzeli ndiye huyu!

— Kumbe ni Alphonsine wa Saio! Alikuwa anatuficha!

Nikaona jirani mmoja anainama kwa Tante, anampigia kelele sikioni ili asikike:

— Mama Emérance! Kumbe ni mutoto yenu! Alienda Nairobi lini?

Nikasoma midomo ya Tante kutoka jukwaani.

— Sauti haiombake pasipoti, akajibu, na akaweka mkoba wake vizuri juu ya magoti.

Baadaye nilimkuta nje, anajipepea.

— Tante, unajue sikuenda Nairobi.

— Najua. Ulikuwa unatwanga sombe, tena vibaya.

— Sasa mbuzi?

— Zinabaki.

— Juu batu wamesema huu ndio wimbo?

Akatazama mlangoni. Hubert alikuwa anatoka, watu wanambeba, shati limechanika begani.

— Batu hawajue kitu. Wale wanapigia kelele pili za kufa. Lakini nimesikia yule wa ngoma anamuambia aseme mwanamuke iko mugonjwa. Mwongo angesema hivyo, angepona palepale. Huyu amekubali machungwa. Tante akaniangalia. Na weye? Weye umesadiki juu ya nini?

— Juu ya namna anavyovuta pumzi, tante.

— Ee! Utaisikia hiyo pumzi usiku kila siku mpaka uchoke. Anakoroma, babake pia anakoromaka. Usiseme sikukuambia.

Tulifunga ndoa desemba. Zile mbuzi sita zilishazaa, na watu wa ziwani walileta samaki mpaka majirani wakakataa. Phonie ya Isiro ilituma salamu: "Kwa Mamuzeli na bwana yake, kutoka kwa wote waliosikia. À vous." Jean-Pierre alikuja bila kualikwa, na kaseti tupu thelathini za zawadi. Tukampa mgongo wa samaki, ale mifupa, tukamsamehe kabla ya kahawa. Na Kumbikumbi hawakurudi tena kwenye muziki wa pole. Penseli ya Philippe ilibaki shingoni mwa gitaa miaka yote, na sauti zikawa mbili.

Januari Katsuva akaleta diski kutoka Nairobi, sanduku zima, zinang'aa, na picha ya vijana watano mbele. Ndizo zile za kweli: Hubert peke yake, zote sita, za pole. Bunia ikasikiliza dakika moja.

— Nairobi wameiharibu, wakasema.

Zikauzika nne. Sanduku likarudi kwetu, na Tante Emérance, aliyekuwa amekuja kutazama kama najua kupika, akajikwaa nalo mlangoni.

— Sasa hizi za huyu mwanaume ambaye hakuna mutu anamutaka, tuziweke wapi?

— Ziingize mu chumba chetu, tante, nikamwambia. Mi namutaka.